Kopo Nyuma ya Gunia la Mkaa: kisa cha jaribio la dawa ya matende na mabusha, Dar es Salaam

Nimeficha mtaa, mwaka, majina na taasisi zilizohusika. Watu wawili nimewaunganisha kuwa mmoja, na baadhi ya siku nimezisogeza. Ninawaandikia wenzangu wanaoingia kwenye utafiti wa tiba mitaani: manesi, watu wa maabara, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wale wanaokaa ofisini wakipanga bajeti. Kama dawa ilifanya kazi au haikufanya si mada ya leo. Mada ni jinsi tulivyokaribia kutojua.

## Usuli

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa busha ni nini. Hutaniwa kijiweni, na mwenye nalo hucheka na wenzake, kisha hurudi kwake na suruali yake pana bila kumwambia mtu kwamba juzi usiku homa ilimpanda na maumivu yakamkesha. Matende hayafichiki, yako mguuni, lakini mzizi ni ule ule: minyoo aina ya Wuchereria bancrofti waliojenga ndani ya mishipa ya limfu. Hapa mjini mwenezaji mkubwa ni mbu Culex quinquefasciatus, huyu anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba, anayetuimbia masikioni usiku kucha.

Minyoo wakubwa huishi miaka sita hadi minane na kuzaa vijiminyoo kwa mamilioni. Mchana vijiminyoo hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku, saa zile mbu huyo anapouma, huja kwenye damu ya juu juu, mpaka vidoleni. Ukitaka kuwahesabu huna budi kutoboa kidole kati ya saa nne na saa nane usiku. Saa hizo zishike vizuri, kisa kizima kinazizunguka.

Dawa zinazogawiwa bure kwenye kampeni ni ivermektini na albendazoli. Tanzania ilianza kuzigawa mwaka 2000 kisiwani Mafia, na kampeni zikaja kufika Dar es Salaam. Zinafagia vijiminyoo kwenye damu, mbu akinyonya hapati cha kubeba. Lakini minyoo wakubwa wengi hubaki hai, ndiyo maana kampeni hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Busha lililokwisha kujaa maji haliponi kwa vidonge hivyo, linataka kisu. Dawa zote mbili, kwa taarifa yako, zilianzia kwa mifugo. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa ugunduzi uliozaa ivermektini, dawa iliyoingia sokoni kwanza kwa ajili ya wanyama. Silalamiki. Ila inaonyesha magonjwa ya masikini yanavyopata dawa: yanapitia zizini.

Doksisaiklini, mtaani "doksi" tu, nayo haikutengenezwa kwa minyoo. Ni antibayotiki ya zamani inayopatikana karibu kila duka la dawa. Ndani ya mwili wa mnyoo huyu wanaishi bakteria waitwao Wolbachia; doksi inawaua bakteria, na mnyoo akiwakosa anakuwa tasa, kisha anakufa taratibu kwa miezi mingi. Hapa nchini lilifanyika jaribio katika kijiji cha Kimang'a, Tanga, likachapishwa mwaka 2005. Wanaume 72 waligawanywa, wengine wakameza miligramu 200 kwa siku kwa wiki nane, wengine kapsuli zisizo na dawa. Zaidi ya mwaka baadaye ultrasaundi haikuona minyoo hai kwa wengi wa waliomeza dawa.

Letu lilikuwa dogo, na swali lake lilikuwa la mjini: je, wiki sita za kumeza kila siku zinawezekana kwa wanaume wa mtaa wa bondeni, wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, na zikiwezekana zinafanya nini? Makundi mawili. Kapsuli mbili za miligramu 100 kila siku. Kundi la pili kapsuli za rangi ile ile, ndani hamna dawa. Nani yuko wapi, hakuna aliyejua, si mshiriki wala sisi tuliokuwa mtaani. Mwaka mmoja baadaye mtaalamu wa ultrasaundi angetafuta minyoo inayocheza kwenye mishipa, naye hajui nani alimeza nini. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi za mtaani.

## Mwezi uliopotea

Mpango ulikuwa wiki sita ziishe kabla ya Ramadhani. Hazikuisha, na sababu ni damu ya usiku.

Taratibu tulizifuata zote. Barua ya wilaya, barua ya kata, kikao na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe, tangazo la spika juu ya bajaji. Usiku wa pili wa kazi tulikuwa na gari limeegeshwa kando ya mfereji, taa za kichwani, makoti meupe, sanduku la barafu. Kesho yake neno limefika sokoni: mumiani wamerudi.

Kwa asiye wa pwani, mumiani ni mnyonya damu wa simulizi za bibi zetu, anayekuja usiku kuchukua damu ya watu ikatengenezewe dawa. Enzi za mkoloni lawama walibebeshwa wazimamoto na gari lao. Sasa jiweke mahali pa mama aliyetuona dirishani. Watu wageni, usiku, gari, sindano, damu inatiwa sandukuni, na kikaoni tulisema kwa midomo yetu kwamba inakwenda kwenye utafiti wa dawa. Ujinga uko wapi hapo? Alisema alichokiona.

Kazi ikalala karibu mwezi. Kilichotukwamua hakikuwa barua nyingine. Mjumbe mmoja, fundi cherehani mwenye mvi za kutosha, alituambia: "Kama kweli wanatoka usiku tu, nionyesheni. Nitoeni mimi." Kijana wetu wa maabara akaja na darubini saa saba mchana, akamtoboa kidole, akatandaza tone kwenye slaidi. Mzee akatazama: chembe za damu, basi. Saa tano usiku kijana akarudi, darubini akaiweka juu ya meza ya cherehani, taa ya betri pembeni. Tone jingine. Mzee akainama, akakaa kimya muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Mbona wanacheza ngoma?"

Walikuwa wanacheza kweli. Kijiminyoo hai kwenye tone bichi la damu hujikunja na kujinyoosha, akizisukuma chembe nyekundu huku na huku kama mtu anayepenya Kariakoo siku mbili kabla ya sikukuu. Baraza zima likapanga foleni kutazama. Wiki ile ile watu wakaanza kujiandikisha tena.

Mzee huyu tulimkosea. Nitamrudia.

## Ramadhani ikatukuta njiani

Dozi zikaanza siku kumi kabla mwezi haujaandama. Siku hizo kumi zilikwenda vizuri. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi manesi wawili walikaa barazani kwa fundi. Mwanaume anapita akielekea Feri, Kariakoo au kituo cha bodaboda, anameza kapsuli mbili na kikombe kizima cha maji mbele ya nesi, nesi anatia alama kwenye kadi. Asiyetokea anapigiwa simu kabla ya saa tatu.

Washiriki wengi walikuwa Waislamu. Asubuhi ingekuwa saa ya funga, kwa hiyo lazima tubadilishe. Kikaoni kulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza, tusimamishe mpaka baada ya Idi. Haikufaa: walioanza wangekatishwa dozi katikati. Ya pili, tuhamishie kumeza usiku, baada ya futari au tarawehe, tukiendelea kuwaona kwa macho. Ya tatu, tuwape kapsuli za wiki nzima wameze wenyewe nyumbani, wakirudisha pakiti tupu.

Sista N., aliyekuwa nesi wa barazani na yeye mwenyewe anafunga, alisema sentensi moja: "Usiku wote watakuwa msikitini, kwa nini tusiwasubiri nje?" Akajibiwa kwamba fedha za kazi ya usiku zimetengwa kwa ajili ya kukusanya sampuli tu. Kwamba manesi wanawake wana familia za kufuturisha. Kwamba usalama wa njia ni mdogo. Yote yalikuwa kweli. Tukapiga kura, na mkono wangu ulinyooka kwa njia ya tatu.

Namna ya kumeza ikibadilika, itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa na kuidhinishwa, imebadilika, na itifaki haiguswi mpaka kamati ya maadili iidhinishe, isipokuwa mshiriki yuko hatarini papo hapo. Tuliomba, tena kwa kuchelewa, na katika barua tukayaita "mabadiliko madogo ya muda wa kumeza". Idhini ikaja. Maneno "hakuna atakayewaona wakimeza" hayakuwemo kwenye barua ile. Nimeisoma tena zaidi ya mara moja.

## Kopo

Juma la tatu la mfungo Sista N. alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuchukua pakiti tupu. Kwa Baba K., mmoja wa washiriki wetu, alimkuta mkewe peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu pita jikoni mara moja."

Nyuma ya gunia la mkaa palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Mama K. akalifungua, akalimimina kwenye ungo. Kapsuli kumi na nane. Dozi za siku tisa. Baadhi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, rangi imeanza kuchujuka. Kadi ya Baba K. ilikuwa imejaa "ndiyo" tangu juu hadi chini, hakuna siku iliyoruka.

"Usimwambie kama ni mimi," Mama K. akasema. "Lakini nimeona nisiponyoosha mkono atakuja kudhurika."

Sista hakuahidi kunyamaza. Alichoahidi ni kwamba jina la mama halitatajwa, na kwamba hatarudi kumvizia mzee peke yake. Naona hadi leo kwamba hilo ndilo jambo la busara kuliko yote lililofanywa katika mradi mzima, na lilifanywa jikoni, na mtu ambaye kikaoni tulimpita.

Alipokuja kusema mwenyewe, Baba K. alieleza hivi. Alikuwa akimeza baada ya daku, kwa funda moja la chai ya maziwa, kisha anajilaza kidogo akisubiri adhana ya alfajiri. Siku ya tano kifua kikawaka. Hata tende ilikuwa ikimkwama. Nesi yeyote anaijua hali hii: doksi ikikaa kwenye umio inaunguza, ndiyo maana inamezwa kwa maji mengi na mtu asilale kwa nusu saa hivi. Maziwa nayo hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, japo si kwa ukali wa tetrasaiklini ya zamani. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi ya maelezo tuliyompa. Asubuhi, barazani, nesi alikuwa akiyasimamia bila hata kuyataja: kikombe kizima, na mtu anaondoka kwa miguu. Tulipoondoa baraza, tuliondoa na kinga.

Kwa nini hakusema? "Mngenitoa, sista. Na kwenye upasuaji mngenifuta."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Ila siku ya uandikishaji tulitangaza kwa furaha kwamba washiriki wenye mabusha watapelekwa kufanyiwa upasuaji baada ya utafiti. Kwa mtu aliyebeba busha miaka mingi, sentensi hiyo ilikuwa na maana moja tu.

## Unga wa muhogo

Hatukumwendea Baba K. Tuliitisha wote, kwa makundi madogo, tukaiita "wiki ya kopo". Tulisema mambo mawili mwanzoni kabisa, kabla ya swali lolote: anayesema ukweli haondolewi, na orodha ya upasuaji haina uhusiano wowote na kumeza; hata aliyejitoa leo jina lake liko pale pale. Kisha tukawaomba walete kila kapsuli iliyoko nyumbani, bila wao kutakiwa kueleza sababu.

Zilikuja kwenye vibweta, kwenye soksi, kwenye mfuko wa shati la kazi. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa ameacha kwa sababu jua lilimbabua mikono. Doksi hufanya hivyo, na yeye ameshika usukani juani mchana kutwa. Mwingine aliacha tu, alijisikia mzima. Wapo waliomeza zote, tena kwa nidhamu ambayo sina.

Halafu zikaja kapsuli zilizofunguliwa.

Mashemeji wawili, wote washiriki, walikuwa kijiweni wakicheza bao. Mmoja akauliza, hivi humu ndani mna nini? Wakazitenganisha kapsuli, wakamimina juu ya ubao. Ya mmoja ilitoa unga wa njano. Ya mwenzake ilitoa unga mweupe.

"Wewe shemeji wamekupa unga wa muhogo!"

Ilikuwa kicheko cha wiki nzima. Lakini aliyechekwa hakucheka sana. Jina la dawa alilijua, liko kwenye karatasi ya ridhaa aliyotia saini. Akaenda duka la dawa, akanunua doksi, akameza kama wiki mbili. Hakuwa amevunja sheria yoyote aliyoijua. Alikuwa mgonjwa anayejitibu, kama sote tunavyofanya.

Kwa hiyo tulikuwa na mtu wa kundi la dawa asiyemeza dawa, na mtu wa kundi lisilo na dawa anayemeza dawa. Kwenye kompyuta wote wawili walikuwa washiriki wa mfano.

## Tulivyoamua

Usiku wa siku ile kikao kilikuwa kirefu, na hakikuwa kizuri. Wazo la kwanza lililotolewa ni kuwatoa kwenye hesabu wote waliokosea. Linavutia, linasafisha daftari. Tulilikataa kwa sababu hii: watu waligawanywa kwa bahati nasibu ili makundi yafanane. Ukianza kuchuja wanaoacha dawa, unachuja wale walioungua kifua, waliobabuka, wenye kazi za juani. Na hao wako zaidi upande wa dawa. Yanayobaki si makundi yale yaliyogawanywa. Kila mtu atahesabiwa mahali alipopangwa, hata mwenye unga wa muhogo. Pembeni utafanywa uchambuzi wa pili wa waliomeza kweli, ukiitwa kwa jina lake, bila kubadilishana nafasi na wa kwanza.

Wazo la pili lilikuwa kuwaongezea siku waliokosa, wafikishe wiki sita. Hilo nalo lilikataliwa. Ingekuwa ni itifaki mpya inayobuniwa saa sita usiku.

Tatu, kuripoti. Kifua cha Baba K. na mikono ya dereva ni madhara ya dawa ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mtafiti mkuu alitaka kusubiri tukusanye picha kamili. Niliona, na bado naona, kwamba alikuwa akitafuta namna ya kuyaandika yasiumize. Mtu wa takwimu ndiye aliyemaliza ubishi: "Tukisubiri, tutaeleza mambo mawili, kosa na kusubiri." Taarifa ikaenda kamati ya maadili na kwa mdhamini ndani ya siku mbili.

Nne, alilolisema Sista N. mwanzoni. Kamati ilituandikia turudi kumezesha kwa macho, na kuanzia siku ile tukawa nje ya msikiti baada ya tarawehe, na kwa wasiofunga, kijiweni saa mbili usiku. Doksi hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi moja kwa siku inatosha. Kuhama asubuhi kwenda usiku hakukuwa na shida yoyote kitabibu. Shida ilikuwa nusu saa ya kutolala. Mtu ametoka kuswali, amechoka, anataka kitanda. Hapo alituokoa muuza kahawa wa pale nje. Tulimwomba ahamishe jiko lake hatua ishirini, tukalipia vikombe. Mtu anameza, anamaliza maji yake, anakaa kwenye benchi na kahawa chungu na kipande cha kashata, anabishana mpira. Hakuna aliyeondoka kabla ya nusu saa. Wengine tuliwafukuza saa tano.

## Matokeo

Juma la mwisho la dozi ndilo lililokuwa safi kuliko yote, ya Ramadhani na ya kabla yake. Baba K. alipumzishwa, umio ukapona, hakurudi kwenye dawa kwa hiari yake mwenyewe, akabaki mshiriki kwa ajili ya ultrasaundi. Alifanyiwa upasuaji wa busha pamoja na wengine. Dereva alipewa ushauri wa kuvaa mikono mirefu, akaendelea.

Siri ya nani amepata nini ilikuwa imevuja kwa washiriki, na hapakuwa na njia ya kuizibia tena. Kilichobaki salama ni jicho la mwisho: msomaji wa ultrasaundi hakuwa amefika mtaani hata mara moja, hakujua habari ya bao wala ya kopo. Laiti kipimo kikuu kingekuwa "unajisikiaje?", kazi yote ingeishia kwenye ule ubao wa bao.

## Uchambuzi

Tumezoea kusema washiriki "hawakuwa wakweli". Nimelifikiria sana neno hilo na nimeliacha. Tazama swali lililokuwa kwenye fomu ya madhara, lililoulizwa kila wiki mlangoni: "Vipi hali, dawa haikusumbui?" Kwa Kiswahili hiyo ni salamu. Na salamu ina jibu moja. Mtu aliyefiwa asubuhi ukimwuliza habari, atakujibu nzuri kwanza, ndipo aseme msiba. Baba K. alijibu "alhamdulillahi" wiki tatu mfululizo, na alikuwa na adabu, hakuwa mwongo. Nesi akaandika: hakuna madhara. Tuliyatafsiri maswali ya fomu kwa uangalifu mkubwa, yakakaguliwa, yakarudishwa, na hakuna aliyeliona hilo kwa sababu wote tulikuwa tumekaa mezani tukisoma karatasi, hatukuwa tumesimama mlangoni.

Baadaye tulibadilisha. Swali la kwanza likawa: "Jana ulimeza na nini?" La pili: "Ulilala saa ngapi baada ya kumeza?" La tatu: "Mpaka leo zimebaki ngapi?" Hayana jibu la adabu. Lile la tatu hasa limejengwa juu ya dhana kwamba zipo zilizobaki, na mtu akisikia dhana hiyo anashusha pumzi.

Kadi nayo ilikuwa na kosa lake. Ilikuwa na "ndiyo" na "hapana", na hapana ilimaanisha simu kutoka ofisini, maelezo, pengine ziara. Kila mtu, mshiriki na nesi, alikuwa na sababu ya kuipenda ndiyo. Pakiti tupu tukaifanya ushahidi wa kumeza, wakati ni ushahidi wa kutoa kapsuli kwenye pakiti, basi.

Kuhusu kapsuli zenyewe, tulikagua rangi ya nje, ukubwa, uzito, hata mlio ukiitikisa. Hakuna aliyefungua moja, jambo ambalo watoto wangefanya dakika ya kwanza. Unga wa doksi ni wa njano. Unga wa kujazia ulikuwa mweupe. Kutia rangi ya chakula kungetosha. Na dawa ikiwa inauzwa kona ya mtaa kwa bei ya soda chache, kundi lisilo na dawa haliwezi kulindwa kwa siri peke yake. Inabidi kuwauliza wazi tangu mwanzo, bila lawama, kama wamenunua yao. Sisi swali hilo hatukuwa nalo.

Upasuaji ni jambo zito zaidi na sina uhakika tulilimaliza. Kumpa mwenye busha rufaa ni haki yake; kumwacha nalo kwa kuogopa kuonekana tunamnunua ingekuwa ukatili. Lakini tulilitangaza katika pumzi moja na utafiti, barazani, mbele ya watu waliosubiri nafasi hiyo miaka. Tungeandikisha upasuaji kwanza, kwa dirisha lingine, hata kwa wasioingia kwenye jaribio, ndipo tuje na kapsuli.

Na mzee wa cherehani. Darubini barazani ilifanya kazi ambayo mikutano minne haikufanya, na ningeirudia. Ila mtaa mzima ulijua kuanzia usiku ule kwamba damu yake ina minyoo, na jina la utani likafuata, la ngoma ile ile aliyoitaja mwenyewe. Aliridhia kutolewa damu. Hakuwa ameridhia majibu yake yawe maonyesho, kwa sababu hata yeye hakutegemea kuwa nayo. Tulipaswa kumwangalia kwanza faraghani usiku, tumweleze alichonacho, kisha tumwulize kama bado anataka watu waone. Nilikwenda kumwomba radhi baada ya mradi kuisha. Alikuwa anashona sare za shule, alinisikiliza bila kusimamisha mguu kwenye cherehani, akasema, "Mwanangu, wangesema tu. Watu wa hapa hawakosi la kusema," kisha akaniuliza kama wale vijiminyoo wake sasa wamekwisha. Nilimjibu kwamba kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi, na hilo nilimwambia kwa sauti ya chini, sisi wawili.

Kubwa kuliko yote kwangu limo kwenye bajeti. Usiku tulikuwa na gari, taa, mlinzi na posho, kwa sababu damu ya usiku ni data. Usiku ule ule, mita mia moja kutoka hapo, watu wale wale walipaswa kumeza dawa, na kwa hilo hapakuwa na fedha, kwa sababu kumezesha kuliandikwa chini ya "huduma". Tungeweza kuunganisha timu mbili tangu siku ya kwanza ya mfungo. Kizuizi kilikuwa mstari kwenye jedwali la kompyuta, na sisi tuliuheshimu kama ukuta.

Stakabadhi ya muuza kahawa niliipeleka uhasibu kama ilivyo: kahawa na kashata, usiku kumi na mbili. Ikarudishwa, haina kifungu. Nikaipeleka tena na maelezo, ikarudishwa. Mara ya tatu niliibana pamoja na kadi za dozi za usiku huo, ikalipwa.